Siki Upande wa Hasi

Wamepigilia vyuma kumi na vinane bustanini mwako, Alojzy,
tisa huku, tisa kule, safu mbili kama meno,
wakaviunga kwa waya, wakaweka kisanduku
palepale ulipofugia njiwa.
Mhandisi ni binti mdogo, Kinga Morawiec,
buti zake tope mpaka magotini.
Kaniambia: Bi Gertruda, usiguse.
Mwanangu, nikamjibu, bustani hii nimekatazwa kuigusa
tangu nina miaka thelathini.

Kabla ya hapo tulikula kila kitu.
Karoti tulizing'oa, tukazifuta kwenye aproni, tukazitafuna.
Mvumilivu hula mbivu: tukavumilia,
tukazila mbivu, na mbivu zikatula.

Bomba la kiwanda lilikohoa usiku kucha,
asubuhi theluji ikaamka kijivu
na watoto wa mtaa wa Cegielna
wakawa wazito wa kusoma, wepesi wa kulia.
Daktari akaandika: upungufu wa damu.
Neno lenyewe alilimeza.

Risasi.
Hatukusikia mlio.
Hakuna aliyelenga, hakuna aliyekimbia.
Ilishuka taratibu, miaka sabini,
ikamkuta Rajmund wetu ana minne,
amechuchumaa chini, anapika keki ya udongo.

Sasa Kinga ananichorea kwa kijiti:
huku chanya, kule hasi.
Umeme ukipita, maji yaliyomo ndani ya mfinyanzi hujongea,
na risasi, iliyouganda udongo kama kupe,
huachia, ikaelekea hasi.
Kwa siku, sentimita moja. Siku mbaya, nusu.
Hatuna haraka, anasema.
Hata bomba halikuwa na haraka.

Shida iko mwisho wa safari:
penye hasi udongo hugeuka kuwa kama magadi,
risasi ikakwama mlangoni, mgeni asiyeaga.
Basi humwagia siki.
Siki, Alojzy! Mapipa kwa mapipa!
Bustani nzima inanuka jiko langu la mwezi wa tisa,
matango, kabichi, mbegu za haradali,
mitungi arobaini niliyoipanga ngazini
hata baada ya kukatazwa.
Nani angetupa matango, mwaka ule wa foleni?
Mtungi wa kwanza nilimfungulia Rajmund.

Kinga sijamwambia hilo.

Usiku umeme una bei nafuu, ndipo huuongeza.
Nalala dirisha wazi. Kisanduku kinanguruma chini kwa chini
kama njiwa wako walipohisi mvua,
nami nawaza pengine pa kupigilia chuma.
Mfupani, kwa mfano.
Rajmund ana miaka hamsini na miwili,
chenji ya mkate bado inamtoa jasho,
huzihesabu sarafu mara mbili, kisha hunipa mimi nizihesabu.
Ya mfupani haina hasi ya kuikimbilia.

Juzi Kinga alichomoa chuma kimoja.
Kilikuwa kimevaa ngozi ya kijivu, laini,
akaikwangua kwa kisu ndani ya kikopo cha kioo.
Kijiko cha chai. Tuseme kimoja na nusu.
Akanipa nikishike. Kizito kuliko umbo lake.
Ni cha mwaka gani hiki? nikamuuliza.
Akafikiri kweli, maskini, akapangusa pua kwa kiwiko.
Hilo, Bi Gertruda, hatulipimi.

Jumapili Rajmund alikuja,
akasimama nje ya utepe wa njano,
mikono mfukoni, kama alivyofunzwa utotoni.
Akanusa hewa. Akatabasamu.
Mama, akasema,
mwaka huu umeyawahi matango.